Kitabu cha Tabia na Santuri Yangu

Nimesahau miwani yangu Temeke. Tabia angekuwepo angenicheka mpaka machozi yamtoke, maana kila nikija kwake Chamazi nilikuwaga nasahau kitu, mara mwavuli, mara dawa za presha. Safari hii nimekuja kwenye arobaini yake, na wa kunicheka hayupo. Tumeshasoma hitima, pilau limeliwa, wanawake wako uani wanasugua masufuria na kubishana ni nani aliyezidisha iliki. Mwanahawa, binti yake mkubwa, akanishika mkono akaniingiza chumbani kwa mama yake, akapapasa chini ya godoro akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga iliyopauka. "Mama mdogo," akaniambia, "mama alisema hiki upewe wewe. Na akasema usome ukurasa uliokunjwa pembe, uusome wewe mwenyewe." Nikafungua. Loh! Kitabu cha gitaa, kile kile, jalada limegeuka rangi ya chai. Nikamwambia, mwanangu, sina miwani, hapa naona ukungu mtupu. Akacheka kidogo, akasema ngoja anitafutie ya mama, wajukuu wanaichezea haijulikani wameitupa wapi. Akatoka. Nikabaki nimekaa kwenye kitanda cha Tabia, kitabu mapajani, na kwa mbali uani nasikia sufuria linagongwa, tang, tang, tang, na taratibu nikaanza kuondoka pale nilipo.

Mwaka ninaousema, Ujamaa ulikuwa umeshika moto na mie na Tabia tulikuwa wasichana wa kubangua korosho. Tulipanga chumba kimoja Temeke kwa Bi Pili, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuta zimeishia kabla ya kufika bati, kwa hiyo ukipiga chafya wewe anakuombea afya mpangaji wa chumba cha tatu. Kitanda kimoja, cha kamba, tunalala wawili, mto mmoja. Dirisha letu lilitazama uani, na asubuhi mwanga uliingia kupitia moshi wa jiko la Bi Pili, ukatua ukutani unacheza, na mie nilikuwa nalala nautazama mpaka Tabia anivute mguu. Tukishakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, tunakwenda kiwandani kwa miguu. Asiyewahi kubangua hajui. Ganda la korosho lina mafuta, na mafuta yale yanakula ngozi. Tulikuwa tunajipaka majivu mikononi, na kwenye mikono ya gauni tunafunga vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vinabana hapa kwenye kiwiko cha mkono mafuta yasipande juu. Bado yalipanda. Jioni ncha za vidole zinachunika kama maganda ya viazi, na ukishika pilipili ndipo utakapojuta kuzaliwa. Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye meza zile miaka mingi walikuwa na mikono myeusi mpaka kwenye vifundo, na mie nilikuwa naitazama mikono yao wakila, halafu natazama yangu, halafu chakula kinanishinda.

Sasa, kiwanda kikaamua kuwa na bendi ya wanawake. Siku zile kila penye geti na bendera palitaka bendi yake. Akaletwa Mwalimu Kondo, mzee mwembamba aliyewahi kupiga tarumbeta jeshini, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuikaribia. Akatukusanya chini ya banda la magunia akatangaza: wapigaji wa ngoma amewapata, wa besi amempata, waimbaji wamejaa tele, anachokosa ni gitaa la solo. Mtu mmoja tu. Na atakayepata nafasi hiyo anaondoka mezani kabisa, anahamia stoo, asubuhi anahesabu magunia, mchana anafanya mazoezi. Mtihani utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Idi Kubwa, na wimbo wa mtihani akautaja: ule uliokuwa unapigwa redioni kila siku mwaka ule, wa bendi ya Kikongo, ambao katikati yake waimbaji wananyamaza na solo linachomoka mbio, vidole vinakimbizana mpaka msikilizaji anasahau kupumua. "Nitawapa wimbo wa kupiga polepole?" akasema Mwalimu Kondo. "Hapana. Asiyeweza mbio hizo asinisumbue. Jifunzeni mnakokujua." Mie nikamtazama Tabia, Tabia akanitazama. Gitaa kavu, lisilo la umeme, tulikuwa nalo, tulilichangia kwa baharia mmoja, na tulikuwa tunalipiga kwa zamu mambo ya kujifurahisha tu. Lakini mtu mmoja tu, alisema. Tulirudi nyumbani siku ile, na kwenye kona ya msikiti Tabia akasema, "Tujifunze pamoja. Atakayeshinda ashinde." Nikasema sawa. Tulikuwa tunapendana, msinielewe vibaya. Lakini mikono yetu ilikuwa inatuwasha sote wawili.

Jumamosi iliyofuata tukaenda mjini, kwenye duka moja la Mhindi lililouza kila kitu kinachotoa sauti, kuanzia filimbi mpaka redio za mbao. Mle ndani palikuwa na kibaridi na harufu ya karatasi mpya na ubani, na feni la darini linazunguka kwa uvivu, na mie mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi mpya nasimama pale dukani tena. Mwenye duka akatutolea vitu viwili akaviweka juu ya kioo. Cha kwanza kitabu cha Kiingereza, kina picha za mkono wa mzungu, kila ukurasa vidole vimewekwa namba. Akasema hiki kitakufundisheni kukimbia kwenye gitaa hatua kwa hatua, zoezi hadi zoezi. Cha pili santuri ndogo, na wimbo wenyewe wa Mwalimu Kondo umo humo. Tabia alikuwa amefika darasa la nane, akakichukua kitabu akaanza kusoma midomo inacheza. Uso wake ukafunguka. "Somoe, tazama! Kinaonyesha kidole gani kifuate kipi. Ukijua njia ya vidole, mbio zinakuja zenyewe." Nikamwambia, "Vidole vya kwenye karatasi vina sauti? Mie nitamsikiliza mwenyewe anayekimbia. Ukitaka kujifunza kupika utalamba kitabu au utalamba mwiko?" Mhindi wa watu akacheka. Tukabishana pale mpaka wateja wengine wakaingia kati, mzee mmoja mwenye kanzu akiunga mkono kitabu na mkewe santuri. Mwisho kila mtu akachukua chake, na Idi ile hatukushona.

Hapa niseme kitu ambacho sikumwambia Tabia wala mtu yeyote. Mie sikukikataa kitabu kwa sababu ya sauti. Nilikikataa kwa kuwa sikujua kusoma. Jina langu nilikuwa naliandika kwenye karatasi ya mshahara kama mtu anayechora, na basi. Tabia aliponisogezea ule ukurasa nilitikisa kichwa kana kwamba nimeusoma na haukunifurahisha. Uongo wa kijinga, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu wa miaka hiyo aibu kwake ni kubwa kuliko njaa.

Gramafoni ilikuwa ya Bi Pili. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa wazungu, na walipofungasha kuondoka wakamwachia. Bi Pili aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, ila mie nilimfulia mashuka mwezi mzima mpaka moyo ukalainika. "Jumapili mchana tu," akasema, "na mkono uwe mkavu." Basi Jumapili baada ya kula, nyumba nzima imelala usingizi wa ugali na kisamvu, naingia ukumbini kwake na gitaa, napiga magoti sakafuni. Mara ya kwanza solo lilipofika nilitaka kulia. Lilipita kama panya chini ya mlango, nikaona mkia tu. Nikarudisha, likapita. Nikarudisha tena, likapita. Bi Pili kwenye kiti chake cha kamba, macho kafumba, akasema, "Kuna kichuma hapo pembeni. Kirudishe nyuma. Mume wangu alikuwa anafanya hivyo akitaka kunichekesha." Nikakirudisha. Jamani! Santuri ikaanza kutembea polepole, mwimbaji akageuka jitu linaloimba ndani ya pipa, ngoma zikawa hatua za mtu aliyechoka, na solo, lile solo, likaja linatembea. Kila sauti nikaiona inaingia mlangoni, inakaa, inaondoka, inayofuata inakuja. Niliweza kuzisalimu moja moja.

Nikikumbuka mwaka ule, sikumbuki mbio. Nakumbuka mchana ule mrefu, jua limelala sakafuni, pazia la Bi Pili linavuta pumzi, jitu linaimba ndani ya pipa na mie naitafuta sauti moja kwenye nyuzi, naipata, naiweka, naitafuta nyingine. Nilikuwa nazipata huku chini, karibu na kichwa cha gitaa, na nyuzi nyingine naziachia wazi zilie zenyewe, tamu hizo. Vidole vilivyochunika viliniuma, lakini kama vinamuuma mtu mwingine. Wakati mwingine Bi Pili alikuwa anaongea na marehemu mumewe usingizini, anamuuliza kama amefunga geti, na mie napiga polepole nisimwamshe kabla hajajibiwa. Siku za kazi, nikiwa mezani na nyundo yangu ya kubangulia, solo lilikuwa linatembea kichwani, kila wiki nikiliongeza mwendo kidogo. Mpaka kufika Ramadhani nilikuwa napiga bila santuri, mbio, mbio kama redioni, na furaha yake siwezi kuisimulia.

Tabia yeye alikaa na kitabu chake dirishani. Alikuwa anapenda kuchomeka penseli kwenye nywele, na akisoma kitu anaichomoa anaandika pembeni. Alipiga mazoezi yale ya namba, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, safi, sawasawa, bila kosa na bila haraka. Mpangaji wa chumba cha pili, kuli wa bandarini, alikuwa anatusikiliza juu ya ukuta kama redio yake. "We wa kitabu," anapaza sauti, "unapiga vizuri ila nimeshaoga, nimevaa, hujafika mwisho!" Mkewe anamjibu, "Mwache, anajua anachopiga. Huyo wa santuri anapiga kama anafukuzwa na mbwa." Tulikuwa tunacheka, kila mmoja akilipokea gitaa kwa zamu yake. Lakini kuna siku kicheko cha Tabia kilikuwa kinakatika katikati. Ananisikiliza, kichwa kaegemeza dirishani, anafungua mdomo, halafu anaufunga. Nilidhani ni wivu. Jumapili moja, nimerudi kutoka kwa Bi Pili, akanisukumia kitabu kitandani, kimefunguliwa. "Somoe, hebu soma hapa." Nikaona picha ya shingo la gitaa limebanwa na kitu kama kibanio cha nguo, na chini yake kuna maandishi, ya kupigwa chapa na ya penseli. Nikakisukuma kitabu nikamwambia, "Nani anataka vibanio vyako vya kizungu? Mie masikio yangu yananitosha." Kisha akakichukua, akakiweka mahali pake pa siku zote, juu ya mto, katikati yetu. Hapo ndipo kitabu kilipokuwa kinalala kila usiku.

Siku ya mtihani, banda la magunia lilijaa. Mwalimu Kondo alikuwa ameazima gitaa la umeme na spika moja inayonguruma. Tabia akaanza. Bendi ikaingia, Tabia akaingia nayo, kila kidole mahali pake, na solo lilipofika akalipiga lote, sawasawa, ila kwa mwendo wake. Ngoma zilimsubiri. Watu wakampigia makofi ya heshima. Mwalimu Kondo akasema, "Safi, binti. Safi. Lakini wimbo umeondoka umekuacha kituoni." Nikashika gitaa mie. Bendi ikaanza, waimbaji wakanyamaza, nikachomoka. Wallahi nilikimbia! Na hapo hapo nikasikia kitu kibaya ambacho sijawahi kukisikia maishani, mie nakwenda huku na bendi inakwenda kule, kila sauti yangu inagombana na sauti zao. Ngoma zikasimama. Mtu akacheka, kisha banda zima. Mwalimu Kondo akakuna kidevu. "Binti, mbio unazo. Tatizo gitaa lako liko Temeke na sie tuko Kinondoni. Nani amekufundisha kuupigia chini kiasi hicho?" Sikujua kwamba santuri ikipunguzwa mwendo inashuka na sauti. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza wimbo wa lile jitu la kwenye pipa, na kuuhamisha wote juu kungenitaka miezi mingine, maana zile nyuzi nilizoziachia wazi huwezi kuzihamisha. Mwalimu Kondo akasema, "Basi tumchukue yule wa kwanza, mbio atazipata mbele ya safari." Nikaitazama mikono yangu.

Tabia alikuwa ameshachaguliwa, muelewe. Jina lake lilikuwa limeshatajwa. Akasimama, akaja mpaka nilipo, akafungua kipande cha tyubu kilichobana mkono wa gauni lake, akachomoa penseli kwenye nywele. Akahesabu vile vyuma vidogo vya kwenye shingo la gitaa, moja, mbili, tatu, nne, tano, akailaza penseli juu ya nyuzi zote, akaifunga na ule mpira, kaza, zungusha, kaza. "Piga vile vile," akaninong'oneza. "Usibadilishe kitu. Vile vile kama ulivyozoea, ila anzia hapa." Akamgeukia Mwalimu Kondo: "Mwalimu, naomba arudie." Nikarudia. Nyuzi zilezile, vidole vilevile, lakini sauti imepanda ikakaa juu ya bendi kama kifuniko juu ya chungu chake. Sikumbuki nilivyomaliza. Nakumbuka kelele, na kina mama wenye mikono myeusi wanapiga meza kwa nyundo za kubangulia, na Mwalimu Kondo anasema, "Huyu." Na Tabia kasimama pembeni, mkono mmoja wa gauni umelegea, anapiga makofi.

Nilihamia stoo Jumatatu yake. Nilipiga gitaa miaka kumi na minne, nimekanyaga mikoa ambayo sikujua ina majina, na mikono yangu, itazameni, haina alama. Tabia alibaki mezani miaka saba mingine mpaka alipoolewa. Wiki ile ile ya mtihani alinipeleka kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, akakaa nyuma kunisubiri, na wala hakuniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia. Kisa cha penseli nimekisimulia kwenye maharusi na misibani, watu wakacheka, na siku zote nilikisimulia hivi: kwamba Tabia alinisikia naumbuka, akapata wazo pale pale. Yeye akiwepo alikuwa anatabasamu tu na kuangalia chini. Asante nadhani nilimpa, pamoja na doti za khanga kila nikitoka safari. Asante ya kweli, ya kukaa naye chini, nilikuwa naiahirisha. Kila mwaka nasema nikienda Chamazi.

Mwanahawa akarudi na miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja. Nikaivaa. Ilikuwa na alama za vidole vya Tabia bado, au vya wajukuu, sijui, sikuifuta. Nikafungua ukurasa uliokunjwa. Mkono wa mzungu, shingo la gitaa, kile kibanio. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo wa darasa la nane: *Santuri ya Somoe inazungushwa polepole, ndiyo maana anapiga chini. Siku ya bendi ataaibika. Dawa yake ni hii, chuma cha tano. Nimwambie? Nikimwambia, nafasi naikosa mie.* Chini yake, mstari mmoja kwa kila Jumapili, hadi karibu na mwisho wa ukurasa: *Bado. Bado. Bado. Bado.* Nikahesabu kwa kidole. Jumapili kumi na moja. Nisiseme uongo, nilikasirika. Pale pale kitandani kwa marehemu, nikamkasirikia. Wiki kumi na moja ananisikia nakimbilia shimoni! Kisha nikaona kwamba mstari wa saba haukuwa kama mingine. *Leo nimempa asome. Kasema masikio yanamtosha.*

Uani walikuwa wamemaliza masufuria, sasa wanagawana ukoko. Alikuwa ameniambia. Alikuwa ameniandikia nafasi yake yote kwenye karatasi akaniwekea mbele, na mie nikamsukumia kwa sababu ya aibu yangu, na usiku ule na kila usiku uliofuata yale maneno yalilala juu ya mto, kati ya kichwa changu na chake, naye anajua yapo, na mie sijui. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka: *Nimemfungia mwenyewe.*

"Umeshasoma, mama mdogo?" Mwanahawa akaniuliza kwa sauti ndogo. Nikamwomba penseli. Akanipa ya mwanawe wa shule, fupi, imetafunwa nyuma. Nikakiegemeza kitabu kwenye goti, na chini ya mwandiko wa Tabia, kwa mwandiko wangu wa kisomo, ule mkubwa unaopinda kama unatafuta njia, nikaandika: *Nimesoma, shoga yangu.*